Mabonge ya Sabaki mbele ya hadubini ya elektroni

Swali hili limetoka Malindi, kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayechunguza tope linaloletwa baharini na Mto Sabaki. Ameandika:

"Shikamoo. Nilichota maji karibu na mlango wa Sabaki, pale maji mekundu ya mto yanapokutana na maji ya bahari. Kwa hadubini ya kawaida niliona mabonge laini kama pamba, yanaelea na kutikisika. Tulipopeleka sampuli kwenye hadubini ya elektroni ilikaushwa, ikapakwa dhahabu, na picha iliyotoka ilikuwa ganda lililopasukapasuka, limejaa vipande vya chumvi. Mwalimu wangu anasema hadubini ya elektroni haitazami kitu kibichi. Lakini nimesoma kwamba siku hizi kuna wanaotazama ndani ya maji. Ni kweli? Na kama ni kweli, naweza kuyaona mabonge yangu yakiwa majini, na bakteria wake wakiwa hai?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na majibu mafupi, maelezo yatafuata. Ni kweli, hadubini ya elektroni inaweza kutazama kitu kilichomo ndani ya maji. Mabonge yako unaweza kuyaona mabichi, ila kwa sehemu na kwa masharti. Bakteria wako hutawaona hai kwa elektroni, na yeyote atakayekuahidi hilo, mwulize kwanza ametumia elektroni ngapi. Swali hilo la "elektroni ngapi" ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote, maana kila kitu katika kazi hii kinarudi pale.

Kwanza tulitazame lile ganda. Mimi nimezaliwa Lamu, nikakulia Shela. Maji ya bamvua yakimtupa yavuyavu pwani, alfajiri unamkuta amejaa, anang'aa, ukimgusa anatikisika mwili mzima. Adhuhuri ukirudi, jua limeshamla, imebaki ngozi nyembamba imenata kwenye mchanga kama kipande cha nailoni. Kilichoondoka ni maji tu, lakini maji hayo ndiyo yaliyokuwa mwili. Ukimpa ngozi ile mtu asiyemjua yavuyavu, akaipima, akaichora, akaiandikia ripoti nzuri, hatakuwa amesema uongo wowote, na hatakuwa amemjua yavuyavu.

Bonge lako ni hivyohivyo. Sabaki inabeba udongo wa mfinyanzi, na chembe za udongo huo ni vibamba vyembamba vyenye chaji hasi nyusoni. Katika maji baridi ya mto vibamba hivyo vinasukumana, kila kimoja kinakwenda zake. Vikifika kwenye maji ya chumvi, sodiamu, magnesi na kalsiamu zinaifunika ile chaji, vibamba vinakaribiana na kushikana. Kisha bakteria na mwani wa chembe moja wanatoa ute, yaani minyororo mirefu ya sukari, na ute huo unafunga kila kitu pamoja kama uzi wa mshono. Kwa hiyo ile pamba uliyoiona ni wavu wa ute wenye vibamba vya udongo vilivyonaswa humo, na sehemu kubwa ya ujazo wake ni maji.

Maji hayo yakikauka hayaondoki kwa upole. Uso wa maji unaporudi nyuma unavuta kila uzi unaokutana nao, nyuzi zinalaliana, wavu unakuwa mkeka, na mkeka unaposinyaa huku umenata chini, unapasuka. Ndiyo ile mipasuko uliyoiona. Chumvi nayo usiishangae: lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, kwa hiyo kila mililita uliyokausha imekuachia miligramu 35 zake juu ya kitu ulichotaka kukitazama.

Aliyekukaushia simlaumu, ila kuna kukausha na kukausha. Angeweza kuimarisha bonge kwanza kwa glutaraldehaidi, akaondoa chumvi taratibu, akabadilisha maji kwa ethanoli hatua kwa hatua, akamalizia na kaboni dayoksaidi iliyopandishwa juu ya nyuzijoto 31 na shinikizo la zaidi ya angahewa 73, ambapo hakuna tena uso kati ya kimiminika na gesi wa kuvuta nyuzi. Njia hiyo inapunguza madhara sana. Hata hivyo ute husinyaa, kwa sababu kitu kilichojengwa kwa maji kimenyimwa maji.

Mwalimu wako naye ana msingi wa anachosema. Elektroni ikikutana na molekuli za hewa inatawanyika kabla ya kufika kwenye sampuli, kwa hiyo bomba lote la hadubini hutolewa hewa mpaka libaki ombwe. Maji yakiwekwa wazi ndani ya ombwe yanachemka na kutoweka. Tangu Max Knoll na Ernst Ruska walipotengeneza hadubini ya kwanza ya aina hii mjini Berlin mwaka 1931, sharti lilikuwa hilo: kitu kikavu. Watu walilikubali kwa sababu faida ilikuwa kubwa mno. Hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi kwa njia za kawaida, na elektroni inashuka mpaka kwenye atomu.

Wazo la kukwepa ukavu nalo ni la zamani. Katikati ya miaka ya 1930 Ladislaus Marton, aliyekuwa Brussels akipiga picha za tishu za mimea, alipendekeza kitu kibichi kifungiwe kati ya tando mbili nyembamba ambazo elektroni zitapita lakini maji hayatapita. Kilichokosekana ni utando wenyewe: mwembamba wa kupitisha elektroni, na imara wa kubeba shinikizo la hewa. Ulipatikana miaka mingi baadaye kutoka kwa mafundi wa vichipu vya kompyuta. Mwaka 2003 Frances Ross na wenzake, kwa kutumia madirisha ya silikoni nitraidi, walionyesha shaba ikiota juu ya elektrodi ndani ya maji, chembe kwa chembe. Kuanzia hapo mlango ulifunguka.

Nikuonyeshe kifaa chenyewe, maana ukikijua utajua mipaka yake. Kichipu kimoja ni kipande cha silikoni kifupi kuliko punje ya mchele. Katikati yake pametobolewa, na juu ya tundu hilo pamebaki utando wa silikoni nitraidi wenye unene wa nanomita 50 hivi. Ili ufikie unene wa unywele mwembamba, itabidi upange tando kama hizo elfu moja. Kwa macho dirisha hulioni, ila ukigeuza kichipu chini ya taa huonekana kimstari kinachometa. Unakishika kwa kibano pembeni, pumzi umeibana. Unadondosha tone la nusu ya mikrolita, dogo kuliko kichwa cha pini, unafunika kwa kichipu cha pili, madirisha mawili yanatazamana, unakaza skrubu juu ya pete za mpira. Kati ya vichipu hivyo kuna nafasi ya nanomita mia chache, pengine mikromita moja au chache zaidi. Humo ndimo maji yanamokaa.

Kwa nini dirisha ni dogo hivyo? Piga hesabu. Tuseme lina upana wa mikromita 50 na urefu wa mikromita 200. Shinikizo la hewa ndani, ombwe nje: nguvu inayolisukuma ni kama uzito wa kitu cha gramu 0.1. Utando unaweza kubeba huo. Ukilipanua dirisha liwe la milimita moja kwa moja, nguvu inazidi mara mia, na utando ni uleule. Hata hilo dogo linavimba kuelekea nje, kwa hiyo maji ya katikati huwa mazito kuliko ya pembeni, na picha ya katikati huwa na ukungu zaidi.

Nilipokuwa ninajifunza kazi hii, nilipakia maji ya pwani bila kuyaacha yatulie. Punje moja ya mchanga ilikaa ukingoni mwa kichipu, vichipu havikulala sawasawa, nami sikuona. Nilikuwa na haraka, na hatua ya kukijaribu kishikilio kwenye chumba cha ombwe cha pembeni niliiruka. Dirisha lilipasuka ndani ya hadubini. Tone ni dogo, lakini ombwe la chombo kile halivumilii hata hilo; tulikaa siku mbili tukisubiri pampu zirudishe hali yake, na watu wengine waliokuwa na zamu zao walipoteza kazi. Ninakueleza haya kwa sababu maji ya Sabaki yana mchanga. Yaache yatulie, chukua ya juu, na kishikilio ukijaribu nje kila mara.

Sasa tazama tatizo lako mahsusi, ambalo watu wengi hulipita. Mabonge unayoyaona kwa hadubini ya mwanga yana ukubwa wa makumi ya mikromita, pengine mamia. Nafasi kati ya vichipu ni mikromita moja hivi. Ukiliingiza bonge humo umelikandamiza kama chapati, na lile umbo la pamba unalolitafuta limekufa kabla ya elektroni ya kwanza kufika. Kinachoingia humo kwa uzima ni vibonge vichanga vya chini ya mikromita moja, au vibamba vinavyoanza kushikana. Hilo ni swali zuri pia, ila si ulilouliza.

Kwa mabonge makubwa kuna njia nyingine inayokufaa zaidi. Hapa sampuli inakaa juu ya utando mmoja tu, ndani ya kijibakuli chenye maji ya kutosha, na elektroni zinakuja kutoka upande wa pili wa utando, zinagonga kilichokaa karibu nao, nyingine zinarudi nyuma na kupimwa. Bonge halikandamizwi, linatua lenyewe kama linavyotua chini ya bahari. Vidonge vilivyofungwa vya aina hii vilionyeshwa mwaka 2004 na watafiti wa Taasisi ya Weizmann, na baadaye Wajapani wakatengeneza chombo ambacho kijibakuli kiko wazi juu, hadubini ya mwanga inatazama kutoka juu na ya elektroni kutoka chini, mahali palepale. Sharti lake ni kwamba unaona tabaka la karibu na utando tu, kama mikromita moja, zaidi kidogo ukiongeza nguvu ya elektroni. Utaliona bonge kutoka kwenye nyayo zake.

Haya, twende kwenye elektroni ngapi.

Ute, protini na mwili wa bakteria umejengwa kwa kaboni, oksijeni, nitrojeni na hidrojeni. Maji ni oksijeni na hidrojeni. Kwa elektroni inayopita, tofauti ya vitu hivyo viwili ni ndogo sana. Udongo wako una silikoni, alumini na chuma, utaonekana vizuri. Ute utakuwa karibu hauonekani. Ukipata picha ya vibamba vilivyoning'inia bila kushikwa na kitu, usiandike kwamba havijashikana. Kinachovishika kipo, elektroni imekipita tu.

Kitu hafifu kinataka elektroni nyingi ili kitokeze juu ya mchapuko wa bahati, yaani zile nukta za ovyo zinazokuwepo katika kila picha. Albert Rose alitupa kanuni tunayoitumia mpaka leo: ili uamini kwamba umeona kitu, ishara yake iwe kama mara tano ya mchapuko. Kwa kitu kinachotofautiana na maji kwa asilimia 5, kanuni hiyo inadai elektroni 10,000 kwa kila kipande kidogo unachotaka kukitenganisha. Kipande kikiwa na upana wa nanomita 100 kila upande, elektroni hizo zinagawanyika juu ya nanomita mraba 10,000, yaani elektroni 1 kwa kila nanomita mraba. Ukitaka kuona kitu cha nanomita 10, ni elektroni 100 kwa nanomita mraba. Ukitaka nanomita 1, ni 10,000. Kila ukizidisha ukali wa picha mara kumi, unazidisha kipigo mara mia.

Na kipigo hicho kina uzito gani? Kwa hadubini za kilovolti 200 hadi 300, elektroni 1 kwa nanomita mraba inaacha ndani ya maji dozi ya grei 40,000 hivi; grei ni kipimo cha nishati ya mnururisho inayobaki ndani ya kitu. Vifaa vya hospitali kama sindano huuliwa vijidudu kwa grei 25,000. Binadamu akipata grei 4 au 5 mwili mzima bila matibabu, nusu ya watu hufa. Kuna bakteria aitwaye Deinococcus radiodurans, mashuhuri kwa ugumu wake, anavumilia grei 5,000. Kwa hiyo picha moja tu ya nanomita 100, ambayo haijaipita sana hadubini nzuri ya mwanga, imeshapita dozi ya kuulia vijidudu. Picha ya nanomita 10 ni grei milioni 4. Wala usidhani utapona kwa kupunguza kilovolti. Elektroni ya polepole huacha nishati zaidi njiani.

Ndiyo maana nimekujibu hapana kuhusu bakteria hai. Niels de Jonge, ambaye pengine hakuna aliyefanya zaidi kuipeleka fani hii kwenye seli, aliandika pamoja na Diana Peckys mwaka 2016 kwamba kutazama seli hai kwa elektroni huenda hakuwezekani kabisa. Mimi nakubaliana nao. Seli inaweza kubaki na umbo lake mbele ya macho yako na bado ikawa imekufa tangu sekunde ya kwanza. Umbo halisemi kama maisha yapo.

Madhara hayaishii kwa viumbe. Elektroni zinapasua maji yenyewe. Hutoka radikali za haidroksili, yaani vipande vya molekuli za maji vyenye pupa ya kushambulia vilivyo jirani, elektroni zilizozungukwa na maji, gesi ya hidrojeni, na hidrojeni peroksaidi, ileile ya kusafishia vidonda. Maji yaliyokuwa ya kawaida yanaelekea asidi. Hidrojeni ikijaa, viputo vinatokea na kusukuma kila kitu. Madini yaliyoyeyuka, kama dhahabu au fedha, yanageuka chembe ngumu ambazo hukuziweka wewe. Radikali za haidroksili zinakata minyororo ya sukari, na ute wako ni minyororo ya sukari. Polima nyingine hufanya kinyume, zinashikana na kuwa ngumu. Kwa hiyo ukiona katika video bonge linakaza, au linalegea, au nyuzi mbili zinaungana, swali la kwanza si "bahari inafanya nini?" bali "mwale wangu wa elektroni umefanya nini?"

Kuna jambo jingine linalowapoteza hata wazoefu. Chembe zilizo karibu na dirisha huenda polepole mno kuliko zinavyokwenda kwenye maji huru, mara maelfu na zaidi. Mtu akikuonyesha chembe ndogo ndani ya maji imetulia tuli, ujue imeshikwa na dirisha au inatembea katika tabaka la maji lisilo la kawaida. Mwendo huo haukuambii vibonge vyako vinazama kwa kasi gani Ghuba ya Malindi.

Baada ya kukutisha hivi, nikwambie kwa nini bado naipenda kazi hii.

Mwaka 2009 de Jonge na wenzake walichukua seli za figo za tumbili, wakazibandika chembe za dhahabu za nanomita 10 kwenye vipokezi fulani vya juu ya seli, wakaziimarisha, wakazitazama nzima ndani ya maji yenye unene wa mikromita kadhaa. Atomu ya dhahabu ina protoni 79 na hutawanya elektroni kwa nguvu, kwa hiyo chembe zake zinang'aa kama taa za dau usiku hata maji yakiwa mengi, bila kumwaga elektroni nyingi kupita kiasi. Seli yenyewe ilikuwa kivuli, lakini mahali pa kila kipokezi palijulikana kwa ukali wa nanomita chache. Fikra hiyo ndiyo nzuri kwako: usilazimishe ute uonekane, ubandike kitu kinachoonekana. Kuna protini ziitwazo lektini ambazo kila aina hushika sukari yake maalumu, na zinauzwa zikiwa tayari zimebandikwa dhahabu.

Mfano mwingine uko karibu na nyumbani. Kuta za Mji wa Kale wa Lamu ni matumbawe na chokaa, yaani kalsiamu kaboneti, na nimekua nikiziegemea bila kujua kwamba namna madini hayo yanavyozaliwa majini ni mjadala mkali wa wanasayansi. Je, fuwele hutokea moja kwa moja, au huanza kama tope lisilo na mpangilio kisha ligeuke fuwele? Mwaka 2014 Michael Nielsen, Shaul Aloni na James De Yoreo walitazama ndani ya maji kwa elektroni wakaona njia zote mbili zikitokea, hata ndani ya jaribio lilelile. Mwaka uliofuata Paul Smeets na wenzake wakaongeza kitu laini, polima yenye chaji hasi, wakaona kalsiamu ikikusanywa kwanza ndani ya polima na madini yasiyo na mpangilio yakizaliwa humo humo. Kitu laini kikiamua mahali kitu kigumu kitakapozaliwa: mtu wa matumbawe na mtu wa tope wote wawili wana la kuchukua hapo. Picha iliyokaushwa isingeonyesha mfuatano huo hata siku moja.

Kuna pia vifuko vya grafini, karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja, vilivyotumika Berkeley mwaka 2012 kutazama fuwele za platini zikikua. Picha zake ni kali ajabu, na vifuko ni vidogo mno kwa mabonge yako.

Sasa nikupangie kazi, kwa kadiri ninavyoielewa hali yako.

Anza na hadubini ya mwanga, na uipe heshima yake. Tazama sampuli ndani ya saa moja tangu kuichota, bila kuitikisa, bila kuinyonya kwa bomba jembamba. Kata ncha ya pipeti iwe pana, maana bonge linavunjika kwa kunyonywa tu. Tia rangi ya buluu ya alsiani, inashika sukari zenye asidi za ute. Hapo utajua ute uko wapi na ni mwingi kiasi gani, na bakteria wanaotembea utawaona wakitembea kweli. Hakuna elektroni itakayokupa hilo.

Sehemu ya pili ya sampuli igandishwe. Jacques Dubochet na wenzake walionyesha miaka ya 1980 kwamba maji yakipozwa kwa haraka sana, kwa kutumbukizwa kwenye ethani ya kimiminika, hayapati muda wa kutengeneza fuwele za barafu. Yanakuwa kama kioo, na kila kitu kinabaki pale kilipokuwa. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2017. Kwa njia hiyo mwendo huuoni, ni picha ya papo moja, lakini radikali haziendi popote katika maji yaliyoganda, na sampuli inavumilia zaidi. Kutumbukiza kwa kawaida kunafaa unene wa mikromita chache tu. Kwa bonge kubwa omba wenye mashine ya kugandisha kwa shinikizo kubwa, inafika mikromita 200 hivi.

Utasikia pia habari za hadubini ya mvuke, aliyoiendeleza Gerasimos Danilatos nchini Australia. Sampuli inapozwa mpaka nyuzijoto 2 hivi na chumba kinajazwa mvuke wa shinikizo la paskali 700, hapo maji hayakauki wala hayaongezeki. Kwa jani au kwa tope la maji baridi ni chombo kizuri sana. Kwa maji ya bahari nakushauri uende nayo kwa tahadhari: ili uone uso wa bonge lazima upunguze maji yaliyolifunika, na ukiyapunguza chumvi inabaki na kukolea, bonge linasinyaa kama dagaa aliyetiwa chumvi.

Baada ya hapo ndipo uombe muda kwenye hadubini yenye kijibakuli cha utando mmoja. Acha mabonge yatue yenyewe juu ya utando kwa muda uleule kila mara. Weka lektini yenye dhahabu katika sampuli moja, na nyingine uiache bila, kwa maji ya siku hiyohiyo. Andaa maji ya bahari yaliyochujwa kwa chujio la mikromita 0.2, hayana bonge hata moja, uyapige kwa dozi ileile. Chochote kitakachoonekana humo kimetengenezwa na mwale. Tafuta eneo lako kwa ukuzaji mdogo na mwale hafifu, kisha sogea pembeni ndipo upige picha ya kweli, ili picha hiyo iwe ya mahali ambapo hapajapigwa. Piga mahali hapohapo mara ya pili na ulinganishe: kilichobadilika kati ya picha mbili ndicho kipimo cha madhara yako. Na kila picha utakayoihifadhi iandikie kilovolti, na elektroni ngapi kwa nanomita mraba. Picha isiyo na namba hiyo mimi siipokei hata kwa mwanafunzi wangu mwenyewe.

Kuhusu kuchota: usiende siku moja tu. Nenda maji ya bamvua na uende maji mafu, maana mkondo wa bamvua unayavunja mabonge na maji mafu yanayaacha yakue. Pima chumvi pale pale chomboni, kabla chupa haijafungwa, na uandike kama maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa. Ukishapata picha zako za mwanga za siku hizo mbili, niletee kabla hujalipia muda wa elektroni. Nikiona ukubwa wa mabonge nitakwambia kama yatatua vizuri kwenye utando au itabidi tuanze na kugandisha.